Jibu: Kumsukuma mwenye mpira kutoka nyuma, ni halali?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini Philadelphia Eagles, timu ya futiboli ya Kimarekani, wanaruhusiwa kumsukuma makalioni Jalen Hurts, mchezaji wao anayebeba mpira, ikibaki yadi moja tu kufika wanapotaka, na kama kweli ni hatari.

Kanuni ilikataza kumsukuma mwenye mpira hadi 2005, NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ilipoondoa katazo kwa kuwa waamuzi walipata tabu kulisimamia. Kumvuta bado ni kosa. Mei 2025 Green Bay Packers walitaka kusukuma kupigwe marufuku; timu 22 ziliunga mkono, zilihitajika 24 kati ya 32.

Sasa rudia video ya msukumo huo, ila usimwangalie Hurts. Angalia kwanza mabega ya mstari wa mbele kabla mpira haujatoka. Wanashuka chini kabisa, videvu karibu na nyasi. Nimecheza raga mstari wa mbele: aliyeingia chini ndiye anayebeba, aliyebaki juu anapindwa shingo. Hofu yangu iko hapo shingoni, hasa rundo likiporomoka huku wa nyuma bado wanasukuma. Kwenye raga mwamuzi huita skramu (pande mbili zinaposukumana mabega kwa mabega) hatua kwa hatua kwa sababu hiyohiyo.

Halafu angalia nani ametangulia kusogea kabla mpira haujatoka. Hilo ni kosa tayari, na ndilo lililowakera wengi msimu wa 2025.

Hoja ya kwamba Eagles wakatazwe kwa sababu wanafanikiwa mno siikubali hata kidogo, timu nyingine zifanye mazoezi. Lakini kwa ajili ya shingo za wale vijana, ningepiga kura kuzuia msukumo wa nyuma.