Kwa nini kozi moja wanapeana madesa na nyingine wanafichana

Mkuu, umeuliza kwa nini darasani kwenu watu wanafichana madesa (notsi na makaratasi ya kusomea) wakati kozi ya jirani wanasoma kama ndugu. Nilisoma chuo cha serikali, hali zote mbili nimeziona, na siamini kwamba ni suala la roho nzuri au mbaya.

Anza na malazi. Sisi hatukujengewa hosteli ya watu 3,840 kama wenzetu wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) mwaka 2017, kwa hiyo tulibebana: aliyekosa kitanda analala na aliyepata. Mimi nilibebwa na mtu tuliyekutana tu kwenye foleni ya usajili, wala si wa mkoa wetu. Ukishabebwa, mwaka unaofuata ukamwona dogo anazunguka na begi, kumwambia hapana ni kazi. Bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) likichelewa tulichanga, huyu mchele, yule mafuta (najua, kupika chumbani marufuku).

Sasa maksi. Chuoni kwetu A ilianzia 70, mkiipata wawili au darasa zima. CR wetu (mwakilishi wa darasa) alilisema hilo mapema, akamwaga pasti pepa zote kwenye grupu. Ila kuna somo moja ulizuka uvumi kwamba mhadhiri hapendi A nyingi. Basi! Walewale waliokuwa wanapikiana ugali wakaanza kufichana notsi. Roho zao hazikubadilika, walianza tu kuhisi A ya mwenzao inakula ya kwao.

Kinachowachosha wanaosaidia wenzao ni kazi za kikundi. Mmoja anakesha, wengine wanatuma namba za usajili waandikwe. Akifanyiwa hivyo mara mbili tatu, hata mwenye shida ya kweli atamkuta "yupo bize". Diskasheni yetu ilidumu kwa sababu kila mtu alipewa mada yake, na hujaisoma, huingii. Tulionekana wakali, lakini hakuna aliyejiona punda wa wenzake. Halafu aliyetuelekeza takwimu ndiye aliyeielewa kuliko wote, maana maswali yetu ya kijinga yalimlazimisha kurudi kwenye msingi.

Kwenu ningeanza hivi: CR amuulize mhadhiri mbele ya darasa kama A zina idadi. Na wewe ukikwama, usiandike kwenye grupu "wadau naomba msaada", kila mmoja atamwachia mwingine. Mfuate mtu mmoja, mtajie swali, mwonyeshe ulipofika.