Pikipiki kubwa ya safari: ipime ikiwa baridi, tena kwenye mwinuko

Kijana mmoja wa Geita kaniandikia wiki hii: "Shikamoo kaka. Nimeona picha zako za Daraja la Kigongo–Busisi. Kuna Yamaha 1200 kama yako inauzwa Dar, mwenyewe anasema iko kama mpya na kuna mtu mwingine anaitaka. Nitume nusu ya hela leo niishike?"

Marahaba, mdogo wangu. Usitume. Lakini "usitume" peke yake haimsaidii mtu aliyekwishapenda, na najua mko wengi huku Kanda ya Ziwa mnaoota safari kama hizi, kwa hiyo naeleza kirefu.

Ninayoendesha ni Yamaha XT1200Z, ile inayoitwa Super Ténéré, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2010. Injini ina ukubwa wa cc 1199 na silinda mbili. Tairi la nyuma linazungushwa na shafti, haina cheni. Tangi linabeba lita 23, na ikiwa imejazwa mafuta na oili ina uzito wa kilo 261. Hiyo namba ya mwisho ndiyo muuzaji hakutajii hata siku moja. Atakutajia spidi.

Nilipoanza kusema nyumbani kwamba natafuta pikipiki ya namna hii, hakuna aliyenitia moyo. Mama aliniuliza kwa upole, "Ng'wanawane (yaani mwanangu), hela hiyo si ungemalizia nyumba ya Buhongwa?" Lile lilikuwa swali la mzazi na nililipokea. Lakini shemeji yangu mmoja alisimama mbele za watu, kwenye kikao cha harusi, akasema mtu mzima mwenye kazi yake anatafuta kuwa bodaboda uzeeni. Watu wakacheka. Mimi bodaboda nawaheshimu, wamelea familia nyingi Mwanza hii, ila yeye alilitumia neno hilo kunishusha, na alijua anachofanya. Maneno yale bado yananiuma.

Basi nikaweka akiba kimya kimya, bila mkopo. Nikapanda basi hadi Dar kuangalia moja iliyotangazwa kwa picha nzuri sana.

Pikipiki yenyewe ilikuwa imeegeshwa kivulini, imeng'arishwa hadi chini ya tumbo. Nikaweka nyuma ya kiganja karibu na injini nikasikia joto. Nikamuuliza muuzaji kama kaitembeza asubuhi ile. Akasema hapana, ni jua tu. Jua gani kivulini? Nikamwomba aiache bila kuiwasha mpaka kesho yake alfajiri, nirudi niiwashe mwenyewe. Akacheka, akasema, "Nyie watu wa Mwanza mnanunua pikipiki kama mnanunua ng'ombe mnadani." Nikamjibu kwamba ng'ombe pia kwetu hanunuliwi mpaka afunguliwe mdomo.

Alfajiri nikarudi. Starta ilizunguka kwa kujivuta, na injini ilipokubali kuwaka ilitoa moshi wa bluu na mlio wa kugonga ambao haukuisha. Nilikuwa nimeangalia pia dashibodi: nilipofungua swichi, taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukipiga breki kwa nguvu, haikuwaka kabisa. Kwa mtu asiyejua, hiyo ni dalili njema. Kumbe taa hiyo inatakiwa iwake unapofungua swichi, halafu izime yenyewe ukishaanza kutembea. Isipowaka, aidha imeungua au mtu kaizima makusudi ili usione kwamba mfumo wa breki una tatizo. Nikamshukuru yule bwana, nikarudi Mwanza mikono mitupu. Nikachekwa tena. Nikavumilia.

Ndiyo maana nasisitiza ubaridi. Injini iliyopashwa moto inaficha mengi: betri iliyochoka, uwakaji mgumu, moshi wa oili inayovuja na kulala kwenye silinda usiku, na kelele za cheni ya ndani ya injini inayolegea. Vyote hivyo hujitokeza katika sekunde chache za kwanza za asubuhi, halafu vinajificha. Beba mita ya kupimia volti, ya bei ndogo. Betri nzima iliyolala usiku kucha husoma karibu volti 12.6, na injini ikinguruma mita isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikisoma chini ya hapo, chaji haiingii vizuri, na utakuja kulijua hilo ukiwa Biharamulo jioni.

Baada ya kuiwasha ikiwa baridi, fanya jambo ambalo wauzaji hawalipendi: iache isimame inanguruma mpaka feni ya rejeta ianze yenyewe. Inachukua muda. Atakuambia inatosha, unamaliza mafuta. Wewe subiri. Feni isipofanya kazi, ukikwama kwenye foleni ya Buzuruga saa kumi na moja jioni injini itachemka. Huku ziwani tuna jambo la ziada: wale wadudu wanaoinuka majini kwa mawingu hujaa kwenye mapezi ya rejeta, na usipoosha kila mara hewa haipiti. Tazama rejeta ya pikipiki unayoinunua, utajua mwenye nayo ni mtu wa namna gani.

Yangu niliipata Arusha, kwa mzee mmoja aliyekuwa anaacha kuendesha kwa sababu ya magoti. Nilipofika ilikuwa baridi kabisa, na alinikabidhi funguo akaenda kunywa chai. Vitabu vyote vya matengenezo vilikuwepo. Safari ya kuileta nyumbani kupitia Babati, Singida na Shinyanga siielezi, lami ni nzuri na mimi nilikuwa na furaha.

Kazi ilikuwa Mwanza. Ninaishi Isamilo, na anayelijua jiji hili anajua maana yake: ukiacha lami unapanda njia ya mawe, kona inapinda huku imeinama upande mmoja, na mbele ya geti hakuna tambarare hata ya kuweka ndoo. Kilo 261 huzisikii ukiwa barabarani. Ukikamata kilomita 80 kwa saa pikipiki inatulia hata upepo wa ziwa ukiipiga ubavuni. Uzito unausikia unaposimama, mguu unapotafuta ardhi ukakuta shimo. Kiti cha hii Yamaha kinawekwa sentimita 84.5 au 87 kutoka chini, na kwa mwanamume wa kimo cha kawaida hizo sentimita mbili na nusu ndizo zinazoamua kama kisigino kinagusa.

Kwa hiyo ukienda kupima pikipiki kubwa, usianze na barabara kuu. Izime. Tafuta mahali penye mwinuko kidogo, panda, uirudishe nyuma kwa miguu yako mwenyewe bila mtu kukushika. Kisha shuka uisukume. Kama huwezi kuigeuza ukiwa peke yako kwenye mteremko, hiyo si pikipiki yako, hata kama kwenye lami inaimba. Mji wetu ni wa mawe na milima. Anayeishi Nyegezi kwenye kiwanja tambarare anaweza kubeba mashine ambayo wa Bugando mlimani haimfai.

Jifunze pia kuiinua ikiwa imelala. Zima, weka gia ili isitembee, na kama imelalia upande wa kulia toa kwanza stendi ya pembeni. Ipe mgongo, egemeza makalio kwenye ukingo wa kiti, zungusha usukani mpaka mwisho kuelekea ardhini, mkono mmoja ushike mpini na mwingine chuma imara cha nyuma. Halafu rudi kinyumenyume kwa hatua fupi, nguvu zote zitoke mapajani. Mgongo uwe wima. Nimewafundisha vijana wembamba wakaweza, na nimeona wenye misuli wakishindwa kwa sababu wanainama na kuvuta kwa mikono.

Suala la spea ni zito na watu hawaliulizi. Maduka ya mjini yamejaa vifaa vya Boxer na TVS. Tairi la nyuma la 150/70 rimu 17 hulikuti huko, wala la mbele la 110/80 rimu 19. Unaagiza Dar, au Nairobi kupitia Sirari, na unasubiri kifurushi. Kabla ya kununua, soma ubavuni mwa tairi namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2316, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa mazima huku mpira umeshakauka, na gharama ya jozi mpya lazima uitoe kwenye bei. Diski ya breki nayo ina unene wa mwisho uliochongwa juu yake. Ukigusa ukakuta kingo imesimama na katikati pameliwa, hesabu diski mpya. Nyaraka nazo zisikupite: namba ya chesisi ilingane na kadi, na angalia kwa namba ya usajili kama kuna faini za trafiki ambazo hazijalipwa.

Shafti naipenda kwa sababu ya vumbi letu. Sina cheni ya kupaka mafuta kila jioni. Ila ina oili yake nyuma kule, nayo hubadilishwa. Ikitoka na vipande vya chuma, rudisha nati, aga, ondoka.

Sasa nimevuka hilo Daraja la Kigongo–Busisi linalounganisha Misungwi na Sengerema, kilomita 3 na kidogo juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Pale ambapo tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko Kigongo na kula samaki wa kukaanga mpaka basi, sasa ni dakika chache. Nikaendelea hadi Bukoba. Ukitoka Muleba ziwa linakuja upande wa kulia, chini ya vilima vya migomba, na nilisimama nikazima injini, nikakaa. Nilipoweka picha, shemeji alinitumia pongezi. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Sijui kama anakumbuka alichosema kwenye kikao kile, mimi nakumbuka.

Vijana, nisikilizeni. Pikipiki hii haitaki mtu wa kujionyesha. Inataka mtu mwenye subira, anayelipa kwa akiba yake na si kwa mkopo wa kikoba unaowaweka wake za watu dhamana. Vaa helmeti yenye alama ya E ndani ya duara, jaketi na buti, hata kama ni kutoka Kirumba kwenda Pasiansi tu. Vijijini shika 50, si kwa kuogopa tochi, kwa sababu kati ya Magu na Lamadi ng'ombe wanavuka bila kukuuliza. Usiku usisafiri. Muheshimu bodaboda unayempita. Na usikubali mtu akuharakishe kununua. Anayekuharakisha ana sababu ambayo hajakuambia.

Nawe mdogo wangu wa Geita, mpigie muuzaji leo. Mwambie utafika, na unaomba akukubalie mambo mawili: asiiwashe tangu jioni ya kuamkia siku hiyo, na akupe kitabu cha matengenezo na kadi uvione kabla ya hela. Kama ana haraka na yule mteja mwingine, amuuzie. Akikubali, niambie tarehe nikutumie mita yangu kwa basi, na ukague kwanza taa ya ABS.