Kabla Hujashika Kipaza Sauti Matangani

Jumamosi iliyopita nilikuwa matangani, nimekaa zangu nyuma ya hema nikisubiri chai, mfawidhi akamwita mmoja wenu, ninyi wajumbe wapya wa bodi ya ushauri ya chuo. Sitaji jina. Unajijua, na koti lako la kijivu sote tuliliona. "Sasa tumsikie mwakilishi wetu kule chuoni." Ukasimama, ukakohoa, ukatangaza kwamba chuo kitachimba kisima cha jamii kabla ya Desemba. Makofi yalipigwa mpaka nikadhani marehemu kafufuka.

Kikao cha bodi ulikoitoa habari hiyo nami nilikuwepo. Kilichosemwa kuhusu kisima ni kwamba afisa wa mipango atakusanya makisio ya gharama. Makisio, mdogo wangu. Kutoka kwenye makisio hadi kwenye maji kuna safari, na wewe umeimaliza kabla hata chai haijamiminwa.

Nimekaa kwenye bodi ya ushauri vipindi viwili. Sasa mmeingia wapya sita, na ndani ya vikao viwili tu mmenikumbusha karibu kila kosa nililowahi kulifanya. Kwa hiyo nimeamua kuwaandikia, kwa sababu kwenye kikao mwenyekiti hunipa dakika tatu na mimi salamu tu hunichukua mbili. Chuo chetu sikitaji. Huku kwetu magharibi mwa Kenya na kando ya ziwa vimejaa: Maseno, Masinde Muliro pale Kakamega, Kibabii ya Bungoma, Jaramogi kule Bondo, Alupe ya Busia. Weka jina unalotaka.

1. Jua kiti chako kiko wapi. Bodi ya ushauri si Baraza la Chuo. Baraza ndilo lenye meno kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, na wengi wa wanachama wake huteuliwa na Waziri. Seneti inashika masomo. Naibu Chansela na menejimenti yake wanaendesha mambo ya kila siku. Sisi tunashauri, na ushauri wetu unaweza kufuatwa, kutiwa kwenye droo au kufungiwa maandazi. Mwenzetu mmoja wa kipindi kilichopita alizuiwa langoni na mlinzi, akawaka: "Kijana, unajua mimi ni nani?" Mlinzi akamjibu kwa adabu zote, "Ndiyo mzee, wewe ni wa bodi ya ushauri. Basi nakushauri uandike jina kwenye daftari." Mlinzi yule hakumaliza hata sekondari, lakini aliielewa sheria kuliko sisi wote.

2. Soma makabrasha nyumbani, si kwenye matatu, na usiyasome kuanzia mwisho kutafuta ukurasa wa posho. Halafu nguvu zako ziweke kwenye Yatokanayo, kile kipengele cha ajenda cha kufuatilia mambo ya kikao kilichopita. Hapo ndipo unapoweza kuuliza, bila kugombana na mtu, lile tuliloshauri mwezi wa tatu limefika wapi. Jambo ukiliacha mpaka Mengineyo umeshalizika, kwa sababu wakati huo pilau imeanza kunukia kutoka chumba cha pili na hata maprofesa wanakunja karatasi.

3. Sasa hili. Nimelizungukazunguka kwa miaka na sijawahi kuliandika.

Mwaka wangu wa kwanza tuliletewa rasimu ya mpango mkakati wa miaka mitano. Projekta ikawashwa, zikaja picha za majengo ya vioo yenye miti iliyopangwa kama wanajeshi, na chati ya rangi ikionyesha kitivo kipya cha uuguzi na wanafunzi 600. Mia sita! Mimi ni mtu wa kununua na kuuza mahindi. Hesabu yangu ikaenda mbio: vitanda chuoni hakuna, watoto watalala wapi? Kwetu. Watakula wapi? Kwetu. Sikusikia kitu kingine mpaka kikao kikafungwa.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi kulikuwa na mazishi ya mzee wa ukoo, watu wamejaa mpaka kwenye migomba, na mfawidhi akaniita vile vile ulivyoitwa wewe. Nakiri kwamba nilipoitwa "mwakilishi wetu" kifua kilipanda. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka kama sala: "Mwenye kiwanja ajenge. Wauguzi 600 wanakuja, na chuo hakina pa kuwalaza."

Mnajua kwa nini watu waliniamini? Si kwa sababu yangu. Kwetu chuo ni kitu ambacho watu wanahisi walikizaa wenyewe. Wazee wa Kakamega bado wanazungumzia michango ya harambee ya miaka ya 1970 iliyoanzisha WECO, chuo ambacho leo ndicho Masinde Muliro, na kilichokuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Mtu ambaye baba yake alimtoa jogoo ili chuo kijengwe hahitaji kuonyeshwa karatasi. Ukimwambia chuo kimesema, yeye anachukua jembe.

Kufikia mwezi uliofuata matofali yalikuwa yamepanda bei, na mafundi walikuwa wanaringa kama mabwana harusi. Shangazi yangu, senje kama tunavyowaita, ni mjane. Aliuza ng'ombe wawili, akachukua mkopo wa sacco. Wadhamini walitakiwa wawili. Mmoja alikuwa jirani. Wa pili alikuwa mimi, na nilitia sahihi kwa mbwembwe. Akajenga bedsita nane, kila moja na sinki lake, kwa sababu nilimwambia watu wa afya wanapenda usafi.

Septemba ikaja. Wanafunzi wa kozi nyingine wakaingia kama kawaida, wakajaza vyumba vya karibu na lango. Wauguzi hawakuja. Nikawaambia watu wasubiri, mambo ya serikali huchelewa. Januari ikaja na kupita, nasi bado tukingoja.

Nikaandika barua kali ya malalamiko, ya kurasa mbili, yenye neno "udanganyifu" mara tatu. Nikaipeleka mwenyewe kwa katibu wa bodi. Mama yule ni mpole sana. Aliisoma yote, akafungua kabati, akatoa makabrasha ya kikao kile, akaniwekea kidole kwenye ukurasa wa 41. "Mzee, soma hapa." Paliandikwa kwamba kitivo kitaanzishwa kutegemea idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na ya Baraza la Wauguzi. Mstari unaofuata ulisema masomo ya vitendo yatakuwa kwenye kampasi ya mjini, karibu na hospitali ya rufaa ya kaunti. Bila shaka! Muuguzi anajifunza kwa wagonjwa, na wodi hazipo chini ya miparachichi yetu. Hao 600 walikuwa jumla ya miaka yote ya masomo, kitivo kikishakomaa, na walikuwa wa mjini, si wa kwetu. Chini ya daftari la kupokelea makabrasha palikuwa na sahihi yangu.

Nikauliza kumbukumbu zilisemaje. Akanionyesha. "Bodi ilipokea taarifa." Basi. Haikuidhinisha wala haikupendekeza kitu, ilipokea tu, kama mtu anavyopokea mvua.

Barua nikairudisha mfukoni.

Senje alikuja nyumbani asubuhi moja, kabla sijanawa uso. Hakupiga kelele, angepiga kelele ningepata pa kujibia. Aliweka mezani pete ya funguo nane, mpya, zinang'aa. "Mwakilishi, nimekuletea funguo za wanafunzi wako." Akakataa chai, akaenda zake.

Miezi kadhaa nilikuwa sihudhurii matanga. Kwetu mtu asiyehudhuria matanga huanza kuulizwa kama na yeye amekufa, kwa hiyo nilirudi, lakini nilikuwa nakaa nyuma ya hema, na ndiyo maana Jumamosi nilikuwepo pale pale nikikusikiliza. Mkopo senje alilipa alipoweza, na alipokwama mdhamini nikabanwa. Fahali wangu alikwenda. Vyumba viwili leo wanakaa walimu wa shule ya msingi, kimoja fundi wa simu, kimoja kina mahindi yangu, ambayo nayalipia kodi bila kupunguziwa hata shilingi. Vilivyobaki vina kuku. Kuku wenye sinki.

Kwa hiyo jifunzeni vitenzi vya kumbukumbu kabla ya kitu kingine chochote. Bodi ilipokea, bodi ilijadili, bodi ilipendekeza, na Baraza likaidhinisha. Hizo ni ngazi, na kijijini watu husikia ya mwisho tu. Ukitaka kusema jambo matangani sema lile ambalo Baraza limeliidhinisha, tena uwe na karatasi. Vinginevyo mpe pole mfiwa, ukae.

4. Utaletewa watoto. Jirani atakuja na mtoto na kuku, mtoto ana C, anataka digrii, "wewe si uko ndani?" Hauko ndani. Mlango wa digrii ni C+ ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nafasi zinagawiwa na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, na bodi haina dirisha la pembeni. Muelekeze kijana kwenye stashahada au chuo cha ufundi, ambako wengi wametoka na kazi kabla ya wenzao wa digrii. Kuku mrudishe. Mimi wa kwanza nilimla, na mpaka leo baba mtu ananitazama kanisani kama mwenye deni.

5. Ukiwa na biashara na chuo, sema mapema. Tulikuwa na mjumbe aliyetetea lishe bora ya wanafunzi kwa ufasaha wa kutoa machozi, hususan sukuma wiki. Ilichukua vikao vitatu kugundua sukuma wiki za jikoni zilitoka shambani kwa nani. Hoja yake ilikuwa nzuri kabisa, lakini baada ya hapo hakuna aliyemsikiliza, hata alipoomba dirisha lifunguliwe. Vikundi vya akina mama na vijana waambieni kuna asilimia 30 ya zabuni za umma iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, wajisajili kihalali, waache kukutuma wewe.

6. Watafiti wakija kijijini na maswali yao, uliza kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, na idhini ya kamati ya maadili, na uliza matokeo yatarudi lini kwa watu waliojibu. Hilo swali la mwisho huwafanya wanafunzi wa uzamili watazame viatu vyao.

7. Posho. Usiiulize kwenye kikao cha kwanza. Kwenye cha pili uliza kwa sauti ya chini.

8, au ni ya tisa? Hesabu imenipotea. Nilitaka kuwaambia kwamba ushauri wakati mwingine unafanya kazi, msije mkadhani kazi yetu ni pilau.

Chuo kilipojenga ukuta kilikata njia ya miguu ambayo akina mama wameipita kwenda sokoni tangu hatujazaliwa. Vikao viwili tulilalamika kwa maneno makubwa: haki, historia, mababu. Naibu Chansela alitikisa kichwa kwa heshima, kumbukumbu zikaandika "ilijadiliwa", ukuta ukabaki. Mara ya tatu sikuhutubia. Siku ya soko nilikwenda na kiti na daftari la mjukuu wangu, nikakaa pale ukuta ulipokata njia kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, nikahesabu watu. Walikuwa 214. Nikaandika wenye mizigo kichwani, wenye watoto mgongoni, na wale waliozunguka kwa barabara kubwa ambako malori yanapita. Nikapima mzunguko kwa pikipiki: kilomita mbili na nusu. Kwenye Yatokanayo nikaisoma hiyo karatasi, dakika moja, nikakaa. Mkuu wa ulinzi mwenyewe ndiye aliyependekeza lango dogo, lifunguliwe alfajiri na kufungwa jioni. Likapelekwa kunakohusika, likakubaliwa, na lango lipo. Halina bango la jina langu, nililiulizia.

Sikulitangaza matangani mpaka lilipofunguliwa na senje akapita na kapu lake. Hapo nikamwambia. Akaniangalia. "Hili nimeliona," akasema, akaendelea kutembea.

Jana ndiye aliyenipigia simu. Habari za kisima chako zimeshafika kwake, na kuna mtu ameanza kuuza vibuyu. Hakusalimia. "Mwakilishi, hicho kisima kiko kwenye kumbukumbu au kiko matangani?"

Nikamwambia kiko matangani.

Sasa mdogo wangu wa koti la kijivu, Jumapili baada ya kanisa nitakusubiri pale kwa fundi wa baiskeli. Tutapita nyumba kwa nyumba, tuanze na ya mfiwa, na wewe ndiye utakayesema neno "makisio", si mimi. Njoo na lile lile koti, wakutambue.