Kwa mnaoanza kazi ya sera ya makaa ya mawe: msianzie kwenye mwaka

Hati ya kwanza utakayokabidhiwa huenda ikawa na mwaka wa kuachana na makaa umeandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada: 2030, 2038, 2040. Wageni wa kazi hii huukimbilia mwaka huo, wakausifu au wakaulaani, kisha wakaona wameshaielewa sera ya nchi nzima. Ushauri wangu ni kwamba uuweke kando kwanza. Uliza umeshikiliwa na nini: sheria ipi, bei ipi, mkataba upi, fedha za nani. Ukikosa majibu, ulichoshika mkononi ni ahadi tu.

Chukua Uingereza. Mwaka 2012 makaa ya mawe yalikuwa yakifua karibu asilimia 40 ya umeme wake. Mwaka 2013 serikali iliweka kiwango ambacho bei ya kaboni (malipo kwa kila tani ya hewa ukaa) haiwezi kushuka chini yake, na kanuni za Ulaya za moshi na salfa zilikuwa tayari zinavisukuma vituo vikongwe kufungwa. Tangazo la kuachana kabisa na makaa ifikapo 2025 lilikuja Novemba 2015, na kufikia hapo sehemu ya makaa ilikuwa imeshapungua sana. Ndiyo maana tarehe hiyo iliweza hata kuwahishwa, na kituo cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kikazimwa tarehe 30 Septemba 2024. Tarehe ilikamilisha kazi ambayo bei na kanuni zilikuwa zimeianza.

Sasa njoo kwenye mikataba, na hapa nakusihi utulie, maana hapa ndipo vijana wengi hodari hupotea. Mara nyingi kituo cha makaa hujengwa kwa mkopo, na mkopo hulindwa na mkataba wa kuuziana umeme unaoweza kudumu miaka 25 au 30. Katika mikataba mingi ya aina hii, mnunuzi, ambaye mara nyingi ni shirika la umma, hulipia uwezo wa kituo hata kikikaa bila kufua chochote. Kwa hiyo umeme wa jua unaweza kuwa nafuu kuliko wa makaa na bado usinunuliwe, kwa sababu wa makaa umeshalipiwa. Nchini Indonesia, majadiliano ya kukifunga Cirebon-1, kituo cha megawati 660, yalihusu kuupunguza mkataba kwa takriban miaka saba, na swali lililokuwa mezani ni nani afidie mapato ya miaka hiyo. Ujerumani ilipotunga sheria yake mwaka 2020, wenye vituo vya makaa magumu walishindanishwa kwa mnada: anayetaka fidia ndogo zaidi ndiye anayetangulia kufunga. Kampuni za makaa laini (lignite) ziliahidiwa fidia ya jumla ya yuro bilioni 4.35. Kiasi hicho kilibishaniwa sana, na wabishi walikuwa na hoja, lakini angalau kiliandikwa hadharani. Omba kusoma mikataba. Ukiambiwa ni siri, liandike hilo kwenye ripoti yako.

Jifunze pia kutenganisha megawati (uwezo wa kituo) na megawati-saa (umeme uliofuliwa hasa). Megawati 1,000 za paneli za jua hazifui kwa mwaka umeme sawa na megawati 1,000 za kituo kinachowaka usiku na mchana, na waziri akitaja namba ya kwanza bila ya pili, ni kazi yako kumkumbusha kwa adabu. Kisha kuna jambo ambalo halionekani kwenye jedwali lolote la gharama: rota nzito za mitambo ya makaa, kwa kuzunguka tu, husaidia kutuliza masafa ya gridi (kasi ya mapigo ya umeme wake) pale kituo kingine kinapozimika ghafla. Ukiziondoa, lazima kitu kingine kiifanye kazi hiyo. Moneypoint, nchini Ayalandi, walifunga gurudumu kubwa la kutuliza gridi mwaka 2022, kabla kituo hakijaacha makaa mwaka 2025. Mpangilio huo nimeupenda sana. Kaa na wahandisi wa chumba cha kuongozea gridi kabla hujaandika aya yako ya kwanza.

Halafu watu. Kituo cha makaa cha Komati, katika jimbo la Mpumalanga nchini Afrika Kusini, kilizimwa Oktoba 2022. Mkopo na misaada kupitia Benki ya Dunia, jumla ya dola milioni 497, ilitangazwa siku chache baadaye kwa ajili ya umeme wa jua, upepo, betri na mafunzo. Kwa wanaoishi pale, ajira za zamani zilikwenda mara moja na mpya zikawa bado kwenye makaratasi. Walioajiriwa na shirika la umeme waliweza kuhamishiwa vituo vingine. Wa makandarasi, wapishi na wenye maduka hawakuwa na pa kuhamishiwa. Linganisha na Hispania, ambako mwaka 2018 serikali, vyama vya wafanyakazi na wenye migodi walitia saini makubaliano ya kustaafu mapema, mafunzo na ukarabati wa mazingira kabla ya migodi kufungwa mwishoni mwa mwaka huo. Nchi hizi hazina uwezo sawa wa kifedha, na simlaumu mtu wa Mpumalanga kwa hilo. Ila mfuatano wa hatua haudai utajiri. Kwenye kila mpango unaopewa, tafuta malipo ya wafanyakazi yanaanza mwezi gani na kituo kinazimwa mwezi gani, na uhesabu pengo. Wahesabu pia wasio na ajira za kudumu, maana takwimu rasmi huwaacha nje.

Gesi asilia nitaigusa kwa ufupi: ikichomwa hutoa karibu nusu ya hewa ukaa ya makaa kwa kila megawati-saa, lakini methani, sehemu kubwa ya gesi hiyo, inayovuja kabla haijafika kwenye kituo inaweza kuimeza faida hiyo. Mpango ukisema makaa yatabadilishwa na gesi, dai vipimo vya uvujaji, na uangalie mkataba wa gesi unakwisha mwaka gani. Mara nyingi utakuta umepita mwaka ule ulioandikwa kwenye jalada.