Kasa mmemwachia, lakini wavu mmeuachia nani?

Mkuu, umesema mlikuta kasa amenasa kwenye wavu uliokwama mwambani huko Kilwa, mkamkata akaenda zake, na wavu mkauacha kwa kuwa si mali yenu. Unauliza kama mlikosea. Kwa kasa hapana. Kwa wavu ndiyo, na nasema hivyo kwa sababu mimi nimeshaua sana bila kuwepo.

Kabla sijaanza kuongoza watalii wanaozamia nilivua kwa jarife, wavu mkubwa wa kutega, hapa Mafia. Usiku mmoja wa kusi, bamvua limekolea, tukatega nje ya kisiwa cha Jibondo. Alfajiri chelezo, boya la kuonyesha wavu ulipo, hatukuliona. Tukazunguka mpaka mafuta yakatutisha, tukarudi. Siku ya tisa mzamiaji wa pweza akaniambia kauona, nikashuka naye.

Nusu ya wavu ilikuwa imejiviringisha kwenye matumbawe, nusu imesimama wima kwa maboya, inavua. Changu wawili wabichi kabisa, macho yanang'aa. Chini yao miiba mitupu na kaa wakishindania kichwa cha tasi. Pembeni kasa, amevimba, uzi umezama kwenye pezi la mbele hadi mfupa. Anapumua hewa kama mimi na wewe, ukimzuia chini anakufa maji. Na samaki anayeoza mle ndiye chambo cha anayefuata, kwa hiyo wavu hauhitaji mvuvi. Wa pamba na katani waliofuma wazee ungeoza. Nailoni haina habari hiyo.

Msinirukie kwamba nawasakama wavuvi wadogo. Aldabra kule Shelisheli hakuna kijiji cha wavuvi, lakini mwaka 2019 walisafisha fukwe wakatoa tani 25 za takataka, na watafiti wakakadiria kwamba zimebaki zaidi ya tani 500. Kwa uzito, asilimia 83 ni vifaa vya uvuvi. Meli kubwa za jodari zina mchango wake hapo.

Sasa wavu wenu. Msiuvute kwa mashua, mtang'oa mwamba mzima. Subirini maji mafu, mkondo ukiwa umelala, mshuke wawili, kila mmoja na kisu mahali ambapo mkono wowote unafika. Mwenzangu alifunga chake kwenye shavu la mguu, uzi ukamnasa mguu huohuo, bila mimi sijui. Kateni vipande vidogo, mvifunge kwenye dumu la lita 20 lililoelekezwa mdomo chini, mlijaze hewa kidogo kidogo. Likipanda, hewa inatanuka na mwendo unaongezeka, kwa hiyo asikae mtu juu yake. Sehemu ambayo matumbawe yameshaimeza iacheni, kateni kinachoning'inia tu.

Mkikuta kasa mwingine amelegea kama amekufa, msimtupe baharini haraka. Anaweza kuwa amezimia. Mlazeni kivulini kwa tumbo, sehemu ya nyuma iinuliwe kidogo, kitambaa kibichi mgongoni, pua ziwe wazi. Kuna wanaozinduka baada ya saa nyingi. Na uzi ukitokea mdomoni au nyuma, usivutwe hata kidogo, utamchana utumbo. Kateni mkiacha kipande nje, apelekwe kwa anayejua.

Ila hayo yote ni kazi ya baadaye. Mimi zile siku tisa nilikaa kimya kwa sababu leseni yangu ilikuwa imeisha. Ningesema "wavu wangu umepotea mahali fulani", swali la kwanza lingekuwa leseni, la pili faini. Nikanyamaza, na baharini hapakunyamaza. Wengi wanaoitwa watupaji wa nyavu ni watu waliopoteza mtaji wa mwaka mzima na wanaogopa kusema. Nani atupe jarife kwa raha zake?

Hapa kwetu tulikubaliana kuwe na daftari. Aliyepoteza anaandikisha siku, mahali na alama za nchi kavu, yaani vitu vya pwani alivyoviona vimepangana akiwa pale, haulizwi kingine. Linakaa kwa mama anayekaanga samaki bandarini, kurasa zinanuka mafuta, lakini wazamiaji wote tunapita kulisoma. Afisa mmoja alitaka achukue nakala, tukamkatalia. Angechukua, lingekuwa tupu hadi leo.

Mlipanga alama gani siku ile, mnazi na mnara wa simu, au hamkupanga kabisa? Niandikieni kabla ya maji mafu yanayokuja. Madumu manne ninayo.