Namba iliyomkwamisha Fermat

SWALI: Nimeigawa 4,294,967,297 kwa kila namba tasa hadi 97, kila mara kunabaki baki. Niamue kuwa nayo ni tasa?

JIBU: Hapana, usiitangaze bado! Hata Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, iliwahi kumpiga chenga. Namba yako ni 2 kipeo cha 32, ongeza 1. Ndugu zake wadogo, yaani 2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila kimoja ukiongeza 1, ni 3, 5, 17, 257 na 65,537; wote ni tasa kweli, na Fermat akaamini ukoo mzima uko hivyo.

Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Euler akaivunja: 641 × 6,700,417. Hapo hakubahatisha. Alijua kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Ndiyo maana jasho lako la kufika 97 limepotea bure, pole. Anza 65, ongeza 64 kila hatua, futa zisizo tasa: zinabaki 193, 257, 449, 577, halafu 641. Jaribio la tano tu! Mimi nililifanya kwa kalamu, nikakosea kutoa pale 449, nikarudia ukurasa mzima.

Ninachokipenda zaidi ni 641 yenyewe. Ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Kwa hiyo, tukihesabu mabaki ya kugawa kwa 641, 5 × 128 ni sawa na −1. Ipandishe kipeo cha 4: 625 × 2 kipeo cha 28 inakuwa 1. Lakini 625 ni sawa na −16, na 16 ni 2 kipeo cha 4. Basi 2 kipeo cha 32 ni −1. Ongeza 1, hakibaki kitu.