Houston bila gari: jibu kwa mnaouliza

Ndugu zangu, swali lenu ni hili: mkimbizi, au mgeni yeyote wa kipato kidogo, akifika Houston, jimbo la Texas, anaweza kuishi kwa basi tu? Anaweza, ila inategemea amepanga wapi.

Nauli haisumbui. Basi la METRO, shirika la usafiri wa umma la huku, ni dola 1.25, na ukilipa kwa kadi unaunganisha mabasi bure ndani ya saa 3. Ukilipa taslimu, kila basi unalipa upya, na chenji hakuna. Kinachosumbua ni kusubiri. Mabasi ya njia nyekundu kwenye ramani ya METRO hupita kila dakika 15, za bluu hadi dakika 30, za kijani hadi 60. Likupite la kijani nawe una zamu ya saa 12 asubuhi, kitumbua kimeingia mchanga.

Huku hakuna daladala ya kupungia mkono wala bodaboda ya kukutoa uchochoroni. Kile kipande cha mlangoni hadi kituoni ndicho kinachowachosha watu, hasa wazee na kina mama wenye watoto. Mitaa mingi haina njia ya miguu, ni mtaro na majani tu. Barabara kama Westheimer ni pana na taa za kuvukia ziko mbalimbali, hivyo kituo unachokiona ng'ambo huenda ukakizungukia dakika 10. Vingine ni nguzo na kibao, bila kivuli, na Agosti joto hupita nyuzi 35.

Majengo ya Gulfton, mtaa wa kusini-magharibi mwa Houston, ni makuukuu, wengi huyadharau. Mimi nasema anzeni huko: maduka yapo karibu, na basi namba 2 la Bellaire ni la njia nyekundu. Kosa ni kukimbilia pembezoni kufuata chumba kipya. Pasadena, mji jirani penye viwanda vya mafuta, haimo kabisa kwenye METRO.

Kabla ya kusaini mkataba, ambao kwa kawaida ni wa miezi 12, tembea mwenyewe hadi kituoni saa ileile ya kwenda kazini. Tazama na ratiba ya Jumapili, na basi la mwisho la usiku.

Gari? Texas bima ni lazima, na dereva mgeni hutozwa zaidi. Ndiyo maana wafanyakazi wa maghala huchangiana mafuta kwenye gari la mwenzao. Mpango huo huenda vizuri mpaka mwenye gari abadilishiwe zamu.